Kemia katika shule za Nairobi: fursa ipi ianze, ipi isubiri

Kila mwaka unapoanza, meza ya mkuu wa idara ya sayansi hujaa barua. Hii inaalika klabu kwenye maonyesho, ile inatangaza mafunzo ya walimu, nyingine inauza vifaa vya maabara kwa bei ya shule. Simu nayo hailali: makundi ya WhatsApp ya walimu wa kemia yanatumiana viungo vya kozi za bure, mashindano ya ng'ambo na ufadhili wa masomo. Zote zinavutia. Lakini mwalimu mwenye vipindi 27 kwa wiki, madaftari ya kusahihisha na zamu ya kusimamia chakula cha mchana hana Jumamosi za kuzigawia zote, na shule ya kutwa ya Eastlands haina fedha za kulipia hata robo yake.

Ulinganisho huu nimeuandika kwa ajili ya mwalimu huyo, kisha kwa mwanafunzi na mzazi wake. Nimetumia kipimo kimoja: fursa hii ikishapita, kitabaki nini maabarani? Cheti huingia kwenye faili. Kinachobaki ni mwanafunzi anayejua kushika bureti (bomba la kioo lenye koki, la kupimia mmumunyo), mwalimu aliyebadilisha namna anavyofundisha moli, na chupa rafuni zenye lebo zinazosomeka. Fursa inayoacha vitu hivyo naitanguliza hata kama haina jukwaa wala kamera.

Wakati wenyewe unabana. Gredi ya 10 ilianza Januari 2026 katika sekondari pevu, na humo kemia ni somo la kuchagua ndani ya mkondo wa STEM, yaani sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati. Maabara hiyohiyo inawahudumia Kidato cha Tatu na cha Nne wa mfumo wa 8-4-4, ambao KCSE yao ya mwisho ni ya 2027. Hawa wa mwisho wasisahaulike katika shamrashamra za mtaala mpya. Karatasi zao za nadharia, 233/1 na 233/2, zina alama 80 kila moja. Ile ya vitendo, 233/3, ina alama 40. Maana yake, sehemu moja ya tano ya alama zote hupatikana kwa mikono, kwa saa 2 na dakika 15. Mtoto ambaye bureti anaiona mara ya kwanza siku ya majaribio ya moku amekwisha kupoteza sehemu ya hizo 40.

KSEF au Young Scientists Kenya?

Maonyesho ya Sayansi na Uhandisi ya Kenya, yaani KSEF, ndiyo makongwe. Walimu waliokula chumvi nyingi wanayajua kama Science Congress, na wengi bado wanasema "kongresi". Hupanda ngazi kwa ngazi: shule, kaunti ndogo, kaunti, kanda, hadi taifa. Kemia ina kitengo chake, kwa hiyo mradi wako unashindana na miradi ya kemia wala haumezwi na roboti na programu za simu. Hatua za mwanzo kwa kawaida huangukia muhula wa kwanza, na hapo ndipo shule nyingi hujikuta zimechelewa, kwa sababu mradi wa Februari hutakiwa kuanza kufikiriwa Septemba.

Young Scientists Kenya ni changa zaidi. Ilianzishwa kwa kuiga maonyesho ya wanasayansi chipukizi ya Ayalandi, yaliyobuniwa na Tony Scott na Tom Burke na kufanyika mara ya kwanza Dublin mwaka 1965. Ubalozi wa Ayalandi hapa Nairobi umekuwa mshirika wake tangu mwanzo. Hapa safari huanza kwa maandishi. Wanafunzi hutuma wazo la mradi, linachujwa, na waliochaguliwa huenda kwenye maonyesho ya kitaifa. Jukwaa lake ni kubwa, kampuni zipo, waandishi wa habari wapo.

Shule ambayo haijawahi kushiriki popote ningeipeleka KSEF kwanza. Sababu yangu ni majaji wa kaunti ndogo. Wanasimama mbele ya meza ya mtoto, wanamuuliza kwa nini alitumia mililita tano na wala si kumi, kwa nini hakurudia jaribio, kigezo cha kulinganishia kiko wapi. Akitolewa hapo, anarudi na maswali yenye faida, na shule imetumia nauli ya matatu tu. Wazo linalochujwa kwa maandishi likikataliwa, mtoto huambulia barua fupi. Kwa upande mwingine, klabu yenye waandishi wazuri, intaneti ya kutegemewa na mradi uliokwisha kupigwa msasa KSEF itafaidi sana Young Scientists Kenya, kwa sababu huko watu wanaoweza kuuendeleza mradi wanaupitia kwa karibu. Soma kanuni za mwaka husika kabla ya kupeleka mradi uleule kwingine.

Anayedhani haya ni ya shule za kitaifa peke yake aitazame Keriko, shule ya kutwa ya mseto huko Njoro, Nakuru. Ilikuwa na kompyuta moja na intaneti ya kubahatisha. Wanafunzi wake walitunukiwa na Royal Society of Chemistry ya Uingereza kwa kuzalisha umeme kutokana na mimea ya hapo kwao, na timu yake ya hisabati ikafuzu kwenda ISEF, maonyesho ya kimataifa ya sayansi na uhandisi, ya 2019, Arizona. Mwaka huohuo mwalimu wao wa sayansi, Peter Tabichi, alishinda Global Teacher Prize yenye dola milioni 1. Shule ya Nairobi iliyo mwendo wa matatu moja kutoka vyuo vikuu vinne haina kisingizio kikubwa.

Ila mradi wenyewe uchaguliwe kwa akili, na hapa naomba nikae kidogo. Linganisha miradi miwili ya kemia inayowavutia wanafunzi wa jiji hili. Wa kwanza ni floridi katika maji ya visima. Visima vingi vya Nairobi vina floridi nyingi, Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na mkaa wa mifupa unajulikana kuipunguza. Hoja ni nzito na watoto wanaona meno ya kahawia mtaani. Lakini kupima floridi sawasawa kunahitaji elektrodi maalumu, na shule nyingi hazina. Utalazimika kuomba nafasi chuoni, pengine idara ya kemia ya Chuo Kikuu cha Nairobi pale Chiromo, na ratiba yako itategemea ratiba yao.

Wa pili ni iodini katika chumvi ya mezani. Chumvi inayouzwa Kenya hutiwa iodeti ya potasiamu. Mwanafunzi akiyeyusha chumvi, akaongeza asidi kidogo na iodidi ya potasiamu, iodini hujitenga na mmumunyo hugeuka manjano. Anaititresha, yaani anaidondoshea kwa kipimo thiosalfeti ya sodiamu kutoka kwenye bureti, hadi manjano ififie, anatia wanga, inakuwa buluu iliyokolea, kisha anaendelea tone kwa tone hadi buluu itoweke. Chumvi iliyofunikwa vizuri ailinganishe na ile iliyoachwa wazi kando ya jiko, au pakiti ya dukani na ile inayopimwa kwa kijiko sokoni. Kila hatua inafanyika katika maabara ya shule, inarudiwa mara nyingi apendavyo, na inamfundisha titresheni ileile ya 233/3. Wa floridi unaweza kumfikisha mbali zaidi kwenye jukwaa. Wa iodini unaacha darasa zima linajua kutitresha. Kwa klabu inayoanza, nachagua iodini bila kusita.

Mafunzo ya mwalimu: CEMASTEA, TPD au utahini

CEMASTEA, kituo cha kuwafunza walimu wa hisabati, sayansi na teknolojia, iko Karen, Barabara ya Bogani, na kwa mwalimu wa Nairobi hiyo ni bahati ambayo mwenzake wa Mandera hana. Ilikua kutokana na SMASSE, mradi wa kuimarisha ufundishaji wa hisabati na sayansi katika sekondari, ulioanza 1998 kwa ushirikiano na Japani kupitia shirika lake la JICA, ukaenea nchi nzima kuanzia 2003. Walimu wakongwe wanakumbuka herufi zake, ASEI na PDSI: shughuli, mwanafunzi, jaribio, ubunifu wa vifaa, kisha panga, tenda, tazama, boresha. Nimeona wengine wakizikariri kama sala bila kuzifuata, jambo linalosikitisha, kwa sababu mpango wenyewe ni mzuri. Unamtoa mwalimu ubaoni na kumrudisha kwenye benchi la maabara.

Udhaifu wa mafunzo haya uko katika njia yanavyosafiri. Wakufunzi wa kitaifa huwafunza wa kaunti, na wa kaunti huwafunza walimu. Kila ngazi inapunguza kidogo. Kwa hiyo ukipata nafasi ya kufika Karen mwenyewe, ichukue hata kama ni katikati ya likizo, na ukirudi fundisha kipindi kimoja wenzako wakiwa wameketi nyuma wakitazama wanafunzi, kisha mkae mkipitie. Utaratibu huo wa kuchambua somo pamoja CEMASTEA yenyewe inauhimiza, na haugharimu shilingi.

TPD, mpango wa Tume ya Huduma za Walimu wa kuendeleza weledi wa walimu, ni jambo tofauti kabisa. Ilizinduliwa 2021, ikakabidhiwa Chuo Kikuu cha Kenyatta, Mount Kenya, Riara na KEMI, taasisi ya usimamizi wa elimu, na ada iliyotangazwa ilikuwa shilingi 6,000 kwa mwaka. Moduli zake zinahusu ualimu kwa jumla: weledi, tathmini, usimamizi wa darasa. Zina nafasi yake katika kupanda cheo, na anayewania uongozi wa shule asizipuuze. Lakini mwalimu anayetafuta namna ya kufundisha elektrolisisi (kutenganisha kemikali kwa umeme) ikaeleweka hataipata humo. Vyama vya walimu vilipinga ada hiyo tangu mwanzo, na mimi nakubaliana navyo: mafunzo ambayo mwajiri anayataka, mwajiri ayalipie.

Fursa ya tatu haitangazwi kwa kelele, nayo ndiyo ninayoipendekeza kwa mwalimu aliyekwisha kufundisha miaka kadhaa: kufunzwa kuwa mtahini wa KNEC, baraza la mitihani la taifa. Utalipia mafunzo, utatoa likizo yako ya Desemba, utasahihisha karatasi hadi macho yaume. Malipo ni kwa karatasi na hayamtajirishi mtu. Faida yake iko kwingine. Mtahini anaona jinsi mpango wa kusahihisha unavyotumika hasa.

Chukua jedwali la titresheni. Wanafunzi wengi wanadhani alama zote ziko kwenye jibu la mwisho. Kumbe kuna alama ya jedwali lililojazwa lote, ya desimali zilizoandikwa kwa mtindo mmoja, ya usahihi, ya kuchagua vizuri vipimo vya kupatia wastani, na ndipo jibu. Usahihi nao hupimwa kwa kulinganisha na kipimo alichopata mwalimu wa shule hiyo kwa kemikali zilezile. Mtoto akiwa ndani ya sentimita 0.1 za ujazo za kipimo cha mwalimu, alama ni kamili, akifika 0.2, ni nusu. Sasa fikiria mwalimu aliyefanya jaribio lake haraka asubuhi ya mtihani, bureti ikiwa na kiputo cha hewa mdomoni. Watoto 50 waliotitresha kwa uangalifu watapoteza alama pamoja. Mwalimu aliyewahi kukaa kituo cha kusahihishia hafanyi haraka asubuhi hiyo.

Kwa yule asiyeweza kujiunga, KNEC huchapisha ripoti za mtihani zinazochambua swali kwa swali mahali watahiniwa walikosea. Idara inunue nakala moja kila mwaka. Ukiniuliza kati ya ripoti hiyo na lundo la maswali ya moku kutoka kaunti ishirini, ripoti ndiyo itakayokufaa.

Vifaa: kununua, kupunguza au kubuni

Hapa ndipo fedha nyingi za shule huliwa.

SEPU, shirika la serikali linalotengeneza vifaa vya shule, liko Barabara ya Ngong. Linauza maabara ya kusukuma kwa magurudumu, meza iliyobeba vifaa na kemikali za msingi, ambayo inaingia darasani na kutoka. Kwa shule mpya iliyopewa Gredi ya 10 ya STEM kabla ya kujengewa maabara, hiyo ndiyo suluhu ya haraka iliyo halali. Inamwezesha mwalimu kuonyesha. Haitoshi kwa wanafunzi 50 kufanya wenyewe, na shule isijidanganye kwamba imemaliza kazi ya maabara kwa kununua moja.

Njia ya pili ni kupunguza kiasi. Afrika Kusini, kituo cha RADMASTE cha Chuo Kikuu cha Witwatersrand kilibuni vifaa vidogo vya plastiki vyenye visima vidogovidogo, ambamo mwitiko wa kemikali hufanywa kwa matone. UNESCO ilivisambaza katika nchi nyingi. Ukiweza kuvipata, vema. Usipoweza, wazo lenyewe linatekelezeka kwa sirinji za duka la dawa na pakiti tupu za tembe, ambazo vishimo vyake vinatosha matone kumi.

Tazama hesabu. Darasa la wanafunzi 50, kila mmoja akititresha mara tatu kwa pipeti ya sentimita 25 za ujazo, linatumia sentimita 3,750 za besi, karibu lita 4. Kwa hidroksidi ya sodiamu ya moli 0.1 kwa lita, hiyo ni gramu 15, bila kuhesabu ya kusuuzia vyombo na iliyomwagika. Asidi nayo ni kiasi kama hicho. Sasa tumia sentimita 2 kwa kila jaribio: darasa zima linahitaji 300, na hidroksidi inashuka hadi gramu 1.2. Kemikali ya kipindi kimoja inatosha muhula.

Lakini sirinji haiwezi kuwa bureti. Ukikosea 0.1 katika sentimita 2, umekosea asilimia 5. Bureti inasomeka hadi 0.05 katika 25. Kwa hiyo sirinji ni ya Gredi ya 10 na Kidato cha Tatu, wanapojifunza asidi na besi zinakutanaje na rangi inageukaje. Kidato cha Nne wapewe bureti, na wapewe mara nyingi, kwa zamu hata kama ni saa kumi jioni baada ya vipindi. Mkono wa kushoto unazunguka bomba na kushika koki, wa kulia unatikisa flaski. Mara ya kwanza karibu kila mtoto hufungua koki mno.

"Mwalimu, imekuwa pinki ghafla!"

"Rudia, mama. Ukiona pinki inakuja na kupotea, funga, kisha tone moja moja."

Mazungumzo hayo yanatakiwa yatokee Machi, kukiwa na muda wa kurudia. Novemba hayamsaidii mtu.

Njia ya tatu ni kubuni kwa vitu vya sokoni, na jiji hili lina kila kitu. Kabeji ya zambarau ya soko la City Park, ikikatwakatwa na kuchemshwa, inatoa kiashirio kinachokuwa chekundu katika ndimu na kijani katika magadi. Magadi yenyewe, yale yanayolainisha githeri, ni mfano bora kuliko poda yoyote ya chupa, kwa sababu silabasi inafundisha uchimbaji wa trona Ziwa Magadi na watoto wengi hawajawahi kuambiwa kwamba ni kitu kilekile kilicho jikoni kwao. Yadondoshee siki na upitishe gesi katika maji ya chokaa. Chokaa ya duka la ujenzi ikitikiswa na maji, ikatulia na kuchujwa, inafaa kabisa. Vijiti vya kaboni vya betri zilizokwisha vinatumika katika elektrolisisi. Ukitumia maji ya chumvi, fungua madirisha na fanya kwa muda mfupi, kwa maana klorini hutoka.

Mpaka mmoja usivukwe. Asidi ya betri za magari, inayouzwa vituo vya mafuta, isiingizwe darasani eti ni rahisi. Ni asidi salfuriki kali, lebo zake haziaminiki, na jicho la mtoto halina mbadala. Fedha za kwanza za idara, kabla ya kununua chochote kilichotajwa hapa, ziwe za miwani ya kinga.

Nikipewa shule yenye bajeti ndogo, ningenunua miwani, bureti za kuongeza, hidroksidi, asidi hidrokloriki na thiosalfeti, kisha mengine yote ningeyatafuta sokoni na kwenye duka la dawa. Maabara ya magurudumu ningeiacha kwa shule isiyo na chumba.

Vyama vya kemia na intaneti

Hapa nitapita haraka. Royal Society of Chemistry ilianzisha mtandao wake wa Afrika mwaka 2007 kwa msaada wa Syngenta, na Chuo Kikuu cha Nairobi kikawa mojawapo ya vituo vyake. Katika chuo kikuu cha JKUAT kule Juja kumekuwa na mafunzo ya vipimo vya kisasa chini ya Profesa Anthony Gachanja. Ni kazi kubwa, ila imelenga watafiti wa vyuo. Mwalimu wa shule ya upili atafaidi zaidi tovuti ya elimu ya chama hichohicho, yenye majaribio yaliyoelezwa hatua kwa hatua pamoja na tahadhari zake, nyingi bila malipo. Chama cha Kemia cha Kenya nacho kinastahili kufuatwa, hasa na mwalimu anayetaka kuendelea na shahada ya pili.

Kwa kuonyesha yasiyoonekana, kama chembe zinavyosogea au molekuli zinavyojipanga, PhET, mkusanyiko wa maigizo ya kompyuta wa Chuo Kikuu cha Colorado, haina mpinzani kwangu: ni ya bure, na ukishapakua inafanya kazi bila intaneti. Kenya Education Cloud, hifadhi ya masomo mtandaoni ya KICD, taasisi ya kukuza mitaala, inafuata mtaala wetu moja kwa moja, kwa hiyo ni bora kwa mwanafunzi anayesoma peke yake. Video zisichukue nafasi ya jaribio linaloweza kufanywa. Shule ikiwa na siki na magadi, hakuna haja ya kutazama mapovu kwenye skrini.

Kwa mwanafunzi na mzazi

Wa Gredi ya 9 anayejiuliza kama achague kemia: masomo ya kuchagua ni matatu, na kemia ndiyo inayofungua milango mingi ya upande wa afya na viwanda. Utabibu, famasia, uuguzi, uhandisi wa kemikali, sayansi ya chakula na kilimo vyote vinaihitaji au vinaipendelea. Anayevutiwa na kompyuta na hisabati tupu anaweza kuishi bila kemia. Anayesema "labda daktari, labda sijui" asiiache, kwa maana kuirudia baadaye ni vigumu. Kabla ya kukubali nafasi, mzazi aulize shule swali moja: mtoto wangu atafanya jaribio kwa mikono yake mara ngapi kwa muhula? Jibu lisilo na namba limekwisha kumwambia kitu.

Kuhusu marudio, masomo ya ziada ya likizo yamekatazwa na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, na bado wazazi wengi wanayalipia kimyakimya. Linganisha fedha hizo na maktaba. Kaloleni na Makadara zimekarabatiwa na zina mahali pa kusomea. Maktaba ya Kitaifa ya Upper Hill pia ipo. Mwanafunzi wa Jericho akienda Makadara na wenzake watatu, karatasi za zamani na ripoti ya KNEC waliyoazima shuleni, kila mmoja akimfundisha mwenzake mada moja, atapata zaidi ya kukaa wa arobaini katika chumba cha kukodi. Shida ni vitendo. Majaribio ya vitendo maktaba haina, na ndiyo sababu mwalimu anayefungua maabara saa mbili Jumamosi moja kwa mwezi anatoa msaada ambao hakuna programu ya simu inayoweza kuutoa.

Ufadhili wa karo hautegemei kemia, kwa hiyo nitautaja tu. Wings to Fly ya Equity, iliyoanza 2010, na Elimu Scholarship ya serikali huangalia uhitaji na matokeo wakati wa kuingia sekondari. Ukikosa hapo, ni vigumu kuingia katikati. Basari za NG-CDF (mfuko wa maeneo bunge) na za kaunti ndizo za kila mwaka, ni ndogo, na fomu zake zinataka muhuri wa chifu na wa shule. Mzazi azifuate zote mbili kwa wakati mmoja. Nakala za vitambulisho na barua ya shule zitolewe mapema, maana fomu huchelewa kutangazwa na huwahi kufungwa, na ofisi ya chifu siku hizo huwa na foleni tangu asubuhi.